Mifupa dhaifu hospitalini: idadi inategemea nani kapimwa

Kliniki ya baridi yabisi ikiripoti kwamba wagonjwa wake wengi wana osteoporosisi (mifupa iliyopungua madini hadi kuvunjika kirahisi), uliza kwanza nani alipelekwa kwenye mashine ya DEXA, inayopima wingi wa madini ya mfupa kwa eksirei. Aghalabu ni mama aliyekoma hedhi, mtu anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) miezi kadhaa, au aliyewahi kuvunjika. Kwa uchaguzi huo idadi lazima ipande, na haifai kuihamishia mtaani.

Kizingiti nacho huchangia. Tangu 1994 Shirika la Afya Duniani huhesabu osteoporosisi kuanzia T-skoa (alama inayotolewa na DEXA) ya -2.5 kushuka, kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa madini ya mfupa tu. Lakini T-skoa humlinganisha mgonjwa na kijana mwenye afya. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, au mwanamume wa chini ya miaka 50, hutumika Z-skoa, yaani analinganishwa na rika lake. Ripoti inayowachanganya wote huzua wagonjwa wasiokuwepo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu wanaokosekana kwenye hesabu ni tatizo kubwa zaidi. Mzee mwenye vinundu vya mfupa kwenye pingili za kiuno, au aorta (mshipa mkuu wa damu unaopita mbele ya mgongo) iliyoganda chokaa, hupimwa mgongo akaonekana mzima: mashine hujumlisha chokaa hiyo na mfupa. Pingili iliyobonyea pia husoma juu, kwa kuwa madini yaleyale yamebanwa kwenye eneo dogo. Pingili ikipishana na jirani zake kwa zaidi ya 1 kwenye T-skoa, itolewe kwenye hesabu. Ikibaki moja tu, achana na mgongo, soma nyonga. Eksirei ya kawaida (ambayo ndiyo hospitali nyingi zinayo) huonyesha upungufu madini mengi yakiwa yamekwisha.

Halafu kuna wasiopimwa kabisa. Bibi kateleza bafuni, kavunjika nyonga, kapasuliwa, karuhusiwa. Faili linasema "ajali". Ilhali kuvunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, ukiondoa saratani na magonjwa mengine ya mfupa, kunatosha kumhesabu kuwa na osteoporosisi hata T-skoa ikisoma -1.8. Hospitali isiyo na DEXA inaweza kuanzia kwenye rejista ya upasuaji: umri kuanzia 50, mfupa uliovunjika, namna alivyoanguka, dawa anazotumia. Kabla ya kumwandikia alendroneti (dawa ya kuzuia mfupa usiendelee kupungua) miligramu 70 kwa wiki, apimwe kalsiamu, vitamini D na figo, maana mifupa iliyolainika kwa kukosa vitamini D nayo hutoa T-skoa ya chini, na tiba yake ni nyingine.