Omega-3 na macho makavu
Nimesoma makala hapa inayosema eti mwenye macho makavu ameze vidonge vya mafuta ya samaki na vitamini A, yatapona! Mwandishi kachanganya mambo mawili. Upungufu wa vitamini A kweli hukausha macho, tena huanza na kutoona vizuri gizani, ila unawapata zaidi watoto wenye utapiamlo, si karani anayekula mchicha na maembe. Omega-3, yaani hayo mafuta ya samaki, nayo ilijaribiwa Marekani kwa watu 535 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: waliomeza gramu 3 kwa siku hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Mimi ni muuzaji kwenye duka la dawa hapa Moshi. Wanaolalamikia macho kuchoma kiangazi hiki wengi ni bodaboda, vumbi na upepo siku nzima bila miwani, na matone ya kulainisha macho huwasaidia kwa bei ndogo kuliko kopo la vidonge (ambalo, nakiri, lina faida nono kwetu wauzaji). Halafu vitamini A ikizidi hudhuru ini, na kwa mjamzito hudhuru mtoto tumboni. Mbona mwandishi kanyamaza? Kuna mtu hapa aliandikiwa vidonge hivi na daktari wa macho baada ya kupimwa, au wote mmeuziwa stendi?