Mgonjwa wa Uani

Kila asubuhi nikitoka nje na mswaki mdomoni, jirani wa kwanza kuniona haulizi habari za nyumbani wala watoto wameamkaje. Anauliza: "Mgonjwa kaamkaje?" Na mimi, kwa vile nishazoea, namjibu: "Usiku kakohoa kidogo. Leo tutaona."

Mgonjwa mwenyewe ni Corolla ya mwaka 1990, injini ya 2E, kabureta, cc 1295, namba A. Wenye magari ya namba D na E wakiiona namba yangu barabarani wananipisha kama wanavyompisha mzee mwenye bakora. Bodi ni nyeupe, isipokuwa mlango wa mbele kushoto ambao ni wa bluu, umetoka kwa marehemu mwingine. Mlango huo haufunguki kwa ndani. Kioo chake kinapandishwa kwa viganja viwili na kuzuiwa na bisibisi. Ukipita kwenye tuta bisibisi inadondoka, kioo kinashuka chenyewe, abiria anashukuru kwa kufunguliwa upepo.

Nililinunua shilingi 1,800,000 hapa hapa Segerea, kwa mtu mpole sana aliyeniambia, "Mzee, hili ukiliwekea betri tu unaondoka nalo." Nikaliwekea betri. Likaondoka mpaka kona ya msikiti.

Sasa msinicheke. Hesabu zangu zilikuwa safi. Nilichukua daftari nikaandika nauli yangu ya daladala kwenda na kurudi kazini, nauli ya Neema ya shule, na hela ya bodaboda anayotoa Mama Neema kila alfajiri kupeleka maandazi kwa mama ntilie wa Buguruni. Nikapiga mstari, nikajumlisha kwa mwaka, nikaona kumbe hapa mjini maskini ni yule asiyejua kuhesabu. Ufundi nitafanya mwenyewe, nikamwambia. Magari haya ya zamani hayana kompyuta wala mambo mengi, ni nati na waya tu. Mwanaume mzima mwenye spana zake anashindwa nini?

Nikammalizia na hoja nzito: tangu 2017 ile ada ya rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Maana yake gari lisilotembea halidaiwi kitu.

Mama Neema akalizunguka gari mara moja, taratibu. "Basi hili halitadaiwa," akasema. Nikadhani ananiunga mkono.

Daftari bado ninalo. Hesabu ya nauli iliishia ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizobaki zote ni spea.

Tuanze na jeki. Anayekuuzia jeki hakwambii kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye sakafu. Uani kwangu ni mchanga, huu mchanga wa Dar unaomeza hata nguzo za uzio. Nikaiweka jeki chini ya gari, nikaanza kuzungusha. Nazungusha, nahema, natazama: gari liko palepale, jeki ndiyo inashuka, imejifukia kama kaa wa ufukweni, imebaki macho tu. Inatakiwa ubao chini yake. Nikaangaza huku na huku, ubao sikuona. Nikaona kibao cha kusukumia maandazi. Mninga ule, kizito, kipana, alipewa na mama yake siku anaolewa. Nikajisemea dakika kumi tu, nitakifuta nikirudishe pale pale.

Kibao kilijitahidi dakika nane. Mlio wake ulifika jikoni kabla yangu.

Habari hiyo sitaki kuiendeleza. Ila daftarini ipo, imeandikwa "kibao, 25,000", katikati ya brekipedi na bolijointi. Bahati yangu kichwa nilikuwa sijakiingiza chini ya gari. Na hili nasema bila utani: tangu siku ile, kabla sijalala chini ya lile dude natanguliza tairi la akiba chini ya bodi. Jeki siyo ndugu yako.

Halafu Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea. Mwaka huu nimepanda daladala mara nyingi kuliko miaka yote niliyokuwa sina gari, na safari zote ni za kwenda kununulia gari vitu. Unashuka, kabla hujakanyaga vizuri umezungukwa na vijana sita. "Bosi, unatafuta nini?" Ukisema shokapu za Corolla 90, wanatazamana kama umeulizia shokapu za jahazi. Mmoja anakimbia. Anarudi na boksi.

"Hizi Japani kabisa, mzee wangu."

Nikavaa miwani. Boksi limeandikwa JAPUN.

"Mbona U?"

"Ndiyo wanavyoandika wenyewe kule."

Nikaomba za mtumba basi, zilizotolewa kwenye gari lililokatwa. Hapo muuzaji akaniinamia karibu kabisa, akashusha sauti kama daktari mwenye majibu mabaya: "Mzee, tuambiane ukweli. Gari unatengeneza la kutumia au la kuuza?" Maana bei ni mbili na spea ni mbili. Ya kutumia ni ghali. Ya kuuza inavumilia mpaka mnunuzi afike kwake. Nikakumbuka yule mtu mpole aliyeniuzia gari. Nikakumbuka kona ya msikiti.

Lakini ugonjwa wake mkubwa Mgonjwa ulikuwa homa. Akiwaka vizuri, akitembea, tukifika Tabata Relini sindano ya joto imeshaegemea kwenye nyekundu. Tukifika taa za Buguruni anatoa mvuke kama sufuria ya mihogo, makonda wanapiga makofi. Nikamwita fundi wa chini ya mwarobaini. Akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho, akaomba hela ya chai. Alipofumbua akafungua nati mbili, akachomoa kidude cha shaba chenye springi, akakitupa kwenye majani.

"Thamostati hiyo. Ni ya nchi za baridi. Kwa joto hili la Dar ya nini?"

Nikaona mtu ana hoja. Kumbe kile kidude kazi yake ni kufunga njia ya maji injini ikiwa baridi ili ipate joto upesi, halafu ikifika kama nyuzi 82 kinafungua maji yakapoe kwenye rejeta. Ukikitoa, asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakunywa petroli kama mgeni wa harusi, na mchana kwenye foleni inachemka vilevile kwa sababu ugonjwa haukuwa pale. Nikawa na gari lenye baridi asubuhi na homa mchana. Malaria kamili.

Ugonjwa ulikuwa kwangu mwenyewe. Kisima chetu maji yake ni ya chumvi, hata sabuni haitoi povu, na mimi nilikuwa nayajaza kwenye rejeta ndoo kwa ndoo huku nikijisifu kwamba sipotezi hela kwenye kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Rejeta ilipofunguliwa kuzibuliwa, ndani kulikuwa na gamba kama birika la mkahawa. Na kifuniko chake, hebu sikieni, hakikuwa kifuniko. Kilikuwa tambara, juu yake mfuko wa nailoni, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli umezungushwa mara tatu. Mifuko ile ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ile dawa ilikuwepo tangu lini. Kifuniko halisi kina springi inayoshikilia presha, na maji yakiwa na presha hayachemki yakifika nyuzi 100, yanavumilia mpaka karibu 120. Bei yake elfu kumi. Miezi mitatu nimechemka barabarani na suti ya kazini kwa ajili ya elfu kumi.

Kwenye kusukuma nitapita haraka kwa sababu inaniuma. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wana bei: mpaka kona, elfu mbili, mpaka liwake, maelewano. Wakiniona nimevaa viatu vya kazi wanaanza kukunja suruali bila kuitwa. Na mzee wa nyumba ya mbele, mstaafu wa reli, hutoka na kiti chake kuja kusimamia. Maisha yake yote alikuwa na vichwa vya treni, kwa hiyo kwake kila kasoro ni hewa ya breki. Gari haliwaki? Hewa ya breki. Taa hafifu? Angalia hewa ya breki. Nimemweleza mara kumi kwamba Corolla breki zake ni za mafuta. Ananitazama kwa huruma. "Ndiyo maana haliwaki," anasema.

Usiku ndio muda wangu wa kazi, nikishatoka ofisini, na Mama Neema ndiye mshika tochi. Kushika tochi mnakujua. Fundi akikosea, kosa ni la tochi. "Mulika hapa! Siyo hapo, hapa! Sasa unanimulika usoni ili iweje?" Yeye hajibu. Anamulika, anatafuna ubuyu wake, anatazama. Miezi saba katazama.

Siku niliyobadilisha plagi nilichomoa nyaya zote nne kwa mpigo, kwa ushujaa, bila alama. Wakati wa kurudisha nikazipanga kama binadamu mwenye akili: moja, mbili, tatu, nne. Nikapiga stata. Kwanza kimya. Halafu silensa ikafyatua mlio, PAA!, na ulimi wa moto. Kuku wa jirani wakapanda mwembe, mlinzi wa ghorofa la pili akapuliza filimbi, mstaafu wa reli akatoka na shuka akiuliza kimepinduka nini. Nikapiga tena, nikidhani ni gesi tu. PAA!

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, yuko mwaka wa kwanza ufundi magari VETA. Alikuja na ndala na kipande cha muwa. "Mzee, silinda haziwaki kwa kufuata foleni. Ni moja, tatu, nne, mbili."

"Foleni gani hiyo ya kurukana?"

"Ndivyo injini ilivyo, mzee."

Nyuma yangu nikamsikia Mama Neema anarudia polepole, kama wimbo wa kubembelezea mtoto: moja, tatu, nne, mbili.

Alipoondoka kijana, na mimi nikiwa na deni la heshima, nikaona nimfundishe mke wangu kitu. Nikafungua mfuniko wa distributa, skrubu mbili tu, nikamwonyesha kile kidude cha plastiki kinachozunguka ndani. Nikamwambia hii inaitwa rota. Umeme unaingia hapa katikati, yenyewe inazunguka, inampa kila plagi umeme kwa zamu, kama wewe unavyogawa nyama siku ya sikukuu.

"Ikitoka?"

"Ikitoka, hili ni banda la kuku."

"Kadogo hivyo?"

"Kadogo hivi," nikasema, nikaivuta kwa vidole viwili, nikaiinua juu kwenye mwanga. "Kanaingia mfukoni. Lakini mpaka mtu akajue, lazima awe fundi."

Akatikisa kichwa kwa heshima, nikalala nimeridhika.

Na kweli, wiki iliyofuata Mgonjwa kapona. Stata moja, kawaka. Hakuna moshi, hakuna mvuke, sindano imetulia katikati. Nimezunguka naye Segerea nzima, vijana wa bodaboda wamesimama midomo wazi kama wamefiwa. Nikarudi nyumbani napiga honi.

Mama Neema akafuta mikono kwenye kanga. "Hongera, Baba Neema. Basi kesho saa kumi."

"Saa kumi jioni tunakwenda wapi?"

"Alfajiri. Maandazi. Si uliandika kwenye daftari?"

Niliandika. Kwa mkono wangu. Siku ya kwanza nilikwenda kwa raha, ndoo mbili nyuma, yeye katikati yake kama mheshimiwa, barabara nyeupe hakuna foleni. Siku ya pili nikapiga miayo mpaka Buguruni. Siku ya tatu ofisini nimelala na kichwa juu ya kikokotoo, bosi kakuta nimeandika 7777777777. Miaka yote bodaboda ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa na nusu. Sasa ni mimi, na mimi silipwi.

Usiku wa nne nikanyata uani bila tochi. Skrubu ya kwanza, skrubu ya pili, vidole viwili. Nikarudi kitandani na rota kwenye mfuko wa bukta, nikalala usingizi wa mtoto.

Saa kumi nikaamshwa. Nikajikokota, nikaingia garini, nikapiga stata kwa bidii kabisa ili majirani nao washuhudie. Nyo-nyo-nyo-nyo. Nikapiga tena. Nyo-nyo-nyo. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani.

"Mgonjwa kazidiwa, Mama Neema," nikasema kwa uchungu. "Leo wewe panda tu bodaboda, mimi nitamwangalia jioni."

Hakujibu. Akateremsha ndoo, moja, mbili, akaziweka mchangani. Nikasikia boneti inapanda. Mwanga wa simu ukapita kwenye kioo cha mbele, ukashuka kulia, ukatulia. Nikasikia skrubu ya kwanza. Halafu ya pili. Halafu kimya, anatafuna ubuyu.

"Baba Neema," akasema, wala sauti hakupandisha. "Tochi leo nashika mwenyewe. Wewe lete rota."