Nauli ya kwenda kumuaga anayekufa: haki au hisani?

Nunavut, kaskazini mwa Kanada, ina makazi 25 na hakuna barabara inayoyaunganisha. Mtu akizidiwa hupandishwa ndege: wa eneo la Baffin hupelekwa Ottawa, wa eneo la Kivalliq hupelekwa Winnipeg, miji ya kusini. Kutoka Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, hadi Ottawa ni zaidi ya kilomita 2,000. Serikali humlipia Muinuit, yaani mwenyeji wa asili wa huko, nauli ya matibabu, pamoja na msindikizaji iwapo mgonjwa ni mtoto, hajiwezi au anahitaji mkalimani. Lakini watoto na ndugu wanaotaka kumwona kabla hajakata roho hujilipia, huchangisha, au huomba msaada kwa mashirika ya Wainuit.

Wanaotetea mipaka hiyo si watu wasio na huruma. Nauli za Aktiki hufika maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Tena, daktari gani ataapa kwamba zimebaki siku tatu na si miezi mitatu? Na jamaa ni nani? Kwa Wainuit, kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida, hivyo mtu huwa na wazazi wa pande mbili. Aliyerithi jina la marehemu hurithi na udugu wake. Bibi aweza kumwita “baba” mjukuu aliyepewa jina la baba yake. Ukianza kuhesabu wenye haki ya kuja, utajaza ndege.

Hoja hii ya ukoo naiona nzito. Ya fedha hainishawishi, kwa sababu mgonjwa hakujipeleka kusini: alipelekwa kwa kuwa kwao hakukujengwa huduma anayoihitaji. Gharama ya umbali huo haipaswi kuishia kwenye tiketi yake.

Historia inauma zaidi. Miaka ya 1950 meli C.D. Howe ilipita pwani ikipima kifua kikuu, na wengi waliokutwa nacho walichukuliwa bila kupewa nafasi ya kuaga. Kufikia 1956, Muinuit mmoja kati ya saba alikuwa kwenye hospitali za kusini. Waliofia huko walizikwa huko, na familia nyingi hazikuambiwa wapi. Machi 2019 Waziri Mkuu Justin Trudeau aliomba radhi akiwa Iqaluit, na mradi wa Nanilavut, yaani “tuwatafute”, husaidia familia kuyapata makaburi hayo na kusafiri kuyazuru. Basi serikali inakubali kwamba safari ya kaburini, baada ya miaka sitini, inastahili kulipiwa. Naona vigumu kuelewa kwa nini safari ya kitandani, mzazi akiwa bado anasikia sauti, iwe hisani.

Kumrudisha mgonjwa nyumbani ni bora pale inapowezekana, ila zahanati nyingi za huko huendeshwa na wauguzi tu, na kutuliza maumivu makali kunahitaji zaidi ya hapo. Kwa anayebaki kusini, iwekwe idadi, tuseme watu wawili au watatu, na mgonjwa mwenyewe awataje. Yeye anajua baba yake ni nani, hata kama baba huyo ana miaka kumi.