Ukimfuta baba mtoro, nani anafaidika?

Mei 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa akina mama wasio na ndoa kitu ambacho wenzao wengi wa upande wetu wa mpaka wanatafuta namna ya kukiondoa: jina la baba kwenye cheti cha mtoto. Kifungu cha 12 cha sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo kilikuwa kinasema mwanamume ambaye hakumwoa mama haandikwi kuwa baba mpaka wote wawili waombe kwa pamoja. Baba akigoma, mahali pa jina lake ziliwekwa X tatu, na mtoto akakua na hizo X zake. Jaji Mumbi Ngugi alitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Huku Tanzania swali ninalolisikia zaidi ni la kinyume. Mama anasema mwanamume alipotea mimba ikiwa na miezi minne, au ndoa ilivunjika na tangu hapo hajatuma hata ya sabuni. Sasa mtoto anaingia darasa la kwanza na mama anataka jina lile litoke, liingie la babu mzaa mama, au la mume mpya.

Kwanza tuelewane tunazungumzia jina gani. Wengi wetu hatuna jina la familia linalorithiwa lilivyo kizazi hadi kizazi. Tuna jina letu, linafuata la baba, kisha la babu au la ukoo. Pwani bado wapo wanaotia bin na binti katikati. Kwa hiyo anayebadili jina la pili la mtoto habadilishi pambo la mwishoni, anabadilisha jibu la swali ambalo kila mzee atamuuliza mtoto huyo: wewe mtoto wa nani?

Hoja ya mama ina uzito kuliko wanavyokubali wanaume wengi. Yeye ndiye aliyebeba kadi ya kliniki, yeye analipa ada, na kila dirishani anakosimama anaulizwa baba yuko wapi, kana kwamba ni yeye aliyemficha. Wanaomjibu kwamba mila zetu zinampa baba mtoto wanasahau mila hizo zilivyoandikwa. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963, ambalo hakuna atakayelishuku kwa kuwapendelea wanawake, lilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa wa upande wa mama. Baba aliyemtaka ilimpasa amwoe mama, au alipe shilingi 100 kwa baba wa binti kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Hata wazee wale walimtaka mwanamume afanye kitu ndipo aitwe baba. Mama anayesema jina hilo halijalipiwa hazushi jambo jipya.

Hata hivyo, nadhani akilifuta anakosea hesabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa damu pamoja na ukoo wake, na inakataza mtu kumnyima haki hiyo. Haki ni ya mtoto, kwa hiyo mama hawezi kuitumia kama adhabu kwa baba. Kifungu cha 35 kinataja mambo ambayo mahakama itayaangalia ikibidi kuthibitisha uzazi: ndoa, jina lililoandikwa kwenye daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kumkiri mtoto hadharani, na vipimo vya vinasaba. Sasa mchukue baba mtoro. Hakuoa, hakufanya sherehe, hakumkiri mtoto mbele ya yeyote. Katika orodha nzima mama amebakiwa na mstari ule wa daftari, na ndio huo anaotaka kuubadilisha. Kitakachobaki ni safari ya vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na kazi ya kumpata mwanamume mwenyewe atoe sampuli. Baba mtoro akisikia jina lake limetolewa, sioni kwa nini asifurahi.

Aprili 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipowaita wanawake waliotelekezewa watoto, walijitokeza kwa maelfu. Mtu anaweza kusema mengi juu ya namna jambo lile lilivyoendeshwa. Ila wanawake wale hawakuja kufuta majina, walikuja kuyataja.

Njia ya babu ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo yenye mtego. Tuseme mama anaitwa Asha Juma, na mtoto wake Neema anaandikishwa kwa jina la babu, Neema Juma. Nyumbani inapendeza. Kwenye karatasi mama na mwana wamekuwa ndugu wa baba mmoja. Babu akifariki na kikao cha ukoo kikakaa kuhusu mirathi, wajomba waliokuwa wakimbeba Neema mgongoni wataanza kuuliza kama naye anadai fungu la mtoto wa marehemu au la mjukuu. Nia ilikuwa kumpa mtoto kwao, na sasa anaonekana mvamizi.

Kwa baba wa kambo mambo ni magumu zaidi, hasa kwa Waislamu. Aya ya 5 ya Surat al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao, na ndiyo iliyomrudisha Zayd, aliyelelewa na Mtume kama mwanawe, kuitwa bin Haritha baada ya watu kuzoea kumwita mwana wa Mtume. Nje ya dini pia, ndoa ya pili inaweza kuvunjika kama ya kwanza, na sijui mtoto ataongezewa jina la nani tena. Mume anayemaanisha aende Mahakama Kuu aombe kumwasili mtoto, jina lije pamoja na wajibu.

Kuhusu mirathi ya baba mwenyewe, najua hoja: kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto wa nje ya ndoa hamrithi baba. Lakini wengi wa hawa wanaotaka kubadilishiwa jina walizaliwa ndani ya ndoa iliyokuja kuvunjika, na talaka ya mama haimwondolei mtoto urithi.

Naweka kando mimba ya kubakwa, au baba ambaye jina lake ni tishio kwa usalama wa mama na mtoto. Hapo niko na mama, na sitamuuliza maswali.

Kwa waliobaki, ushauri wangu ni jina la pili libaki na la tatu liwe la ukoo wa mama, kama bado halijaandikwa. Mtoto aliyeanza kuwa na maoni aulizwe, maana kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinataka asikilizwe. Akifika miaka 18 hati ya kubadili jina ataisaini mwenyewe, na mzigo wa viapo vya kueleza kwa nini cheti cha darasa la saba kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile utakuwa wa kuuchagua yeye.

Najua ninachomwomba mama. Januari ya kila mwaka atanunua madaftari kwa hela yake, ayavalishe magamba, achukue kalamu na kuandika juu ya kila moja jina la mtu ambaye hakuchangia hata gamba. Hilo sina jibu lake.