Ndege wa Ngangao hajaalikwa kupanda miti

Juzi nilipanda msitu wa Ngangao, pale juu ya Wundanyi huku Taita, Kenya, mvua ikanikuta nikajibanza kwenye gogo, mara nasikia majani yanakwaruzwa nyuma yangu nikadhani ni panya. Kugeuka, kumbe ni yeye, ndege wa Ngangao. Kichwa cheusi, mdomo wa chungwa utadhani kapakwa rangi jana, tumbo jeupe, ubavuni rangi ya kutu. Anarusha majani makavu kando, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Akaokota tunda lililoanguka akalimeza zima zima, huyoo akapotea kwenye giza la vichaka.

Vitabuni anaitwa Turdus helleri, kwa Kiingereza Taita thrush, na dunia nzima hapatikani kwingine ila hapa kwetu Taita, na hata hapa anategemea sanasana misitu mitatu, Mbololo, Ngangao na Chawia, na hiyo Chawia yenyewe haifiki hata hekta mia.

Sasa huyu, akishiba matunda, zile mbegu anaenda kuzidondosha mbali na mti uliozaa, tena na mbolea juu, bila semina, bila tisheti, bila posho. Shida ni moja tu, anapenda kivuli. Fyeka msitu uweke shamba la mahindi katikati, yeye kuvuka ni nadra sana, atabaki kwenye kipande chake na mbegu zitabaki nae hukohuko. Ndege mwingine, shore wa msituni, afadhali, ye anavumilia hata vimisitu vilivyochokachoka.

Serikali imesema miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi sikukuu tukapande. Sina neno, nami nilishika jembe. Ila mi huwa nachungulia kwenye lori kabla ya hotuba, na mara nyingi nikichungulia naona mikaratusi, misaipresi na mipaini. Ni miti ya nguzo na mbao, sikatai, watu lazima wajenge, lakini mbegu ya mkaratusi ni kama vumbi, ndege wa kula matunda kama huyu hana cha kuokota hapo. Unapanda miti elfu na huyu wa mdomo wa chungwa hapati hata tunda moja, wala hapiti hapo. Alafu mnaniambia huo ni msitu. Hiyo ni mbao ambayo bado imesimama tu.

Nisijifanye mtakatifu, baba yangu alipanda mikaratusi juu ya chemchemi yetu na miche nilibeba mimi. Tulipata nguzo kweli. Maji nayo yakapungua pole pole mpaka tukaanza kushuka mtoni na madumu, mama ndio alituambia, sisi tulikua bado tunahesabu nguzo.

Mpakani mwa shamba pamebaki mkuyu mmoja wa zamani, ulipona kwa vile haukuwa wa mtu. Wiki iliyopita nimepiga magoti chini yake nikahesabu miche kumi na moja ya aina nne na hakuna hata mmoja wa mkuyu, na hakuna mtu aliyeipanda, juu kwenye tawi kinyesi cha ndege kimekauka.

Nikamwita mzee aje aone. "We kijana, hayo si magugu?"

Nikamwambia baba, hii miche imeletwa hapa na ndege. Nimechomeka vijiti kuizunguka mbuzi wasifike. Mzee kila akipita analalamika vinamkwaza, lakini mpaka leo hajang'oa hata kimoja.