Kibanda changu cha muda

Kabla hamjaletewa ile stori ya jirani yangu, maana anaizungusha na kila anapofika anaongeza chumvi, eti nililia mbele ya kamati. Sikulia jamani, lile lilikuwa vumbi.

Kesi yenyewe ni kibanda cha gari. Chama chetu cha wenye nyumba kina masharti, ukinunua tu unasaini (aliyewahi kuyasoma anyooshe mkono), na yanasema chochote kinachoonekana kutoka barabarani, iwe rangi, uzio, paa, sijui antena, uombe kibali kwa maandishi na mchoro juu. Ila kuna kifungu cha vitu vya muda, vinavyohamishika. Nikakidaka kama golikipa. Barua ya onyo ikaja, nikajibu kibanda ni cha muda. Faini ikaanza kupanda kila siku, nikajibu vilevile, safari hii kwa herufi kubwa.

Basi wakaja kukagua. Mwenyekiti, mama mweka hazina, na katibu na simu yake anapiga picha za ushahidi. Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Ndugu yangu, kinahamishika kweli?" Ningesema ndiyo nikaishia hapo. Mdomo huu ukasema, "Hata sasa hivi mzee wangu, mkono mmoja tu."

Nikashika nguzo, nikasukuma. Wapi. Nikaongeza mkono wa pili huku nacheka kidogo, mtu aone ni mambo ya kawaida. Wapi. Nikageuka nikaegemeza mgongo, visigino nikavichimbia ardhini, nikasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na hapo ndo jicho likatua chini ya nguzo, kwenye nyasi, nikaona zege. Zege! Fundi kamwaga bila kuniambia, eti "nilikuwa nakusaidia bosi, upepo usikusumbue". Mungu anamwona. Nikainama nijipange upya, suruali ikapasuka. Na si kampasuko ka kuficha na shati, nyie, ulianzia kwenye mkanda ukashuka taratibu, trrrraaa, watu wote kimya wanausikiliza mpaka unafika mwisho. Mama mweka hazina akaanza kutazama mawingu. Katibu hakutazama mawingu, katibu alikuwa kazini.

Basi nikaingia ndani kinyumenyume, barua ikaja, nibomoe au niombe kibali upya, nimeamua kuomba. Fomu inataka mchoro, kipande cha rangi, na picha za mbele na nyuma.

Ya nyuma katibu anayo.