Kupima Taswira za Akilini: Hojaji Bado Ina Kazi Yake

Mtu anapoombwa avute akilini picha ya jua linapochomoza, kisha aseme kwa alama 1 hadi 5 picha hiyo imemjia bayana kiasi gani, anachotoa ni neno lake tu, wala hakuna awezaye kuingia kichwani mwake akalihakiki. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi hojaji ya maswali 16 aliyoitunga David Marks mwaka 1973, mojawapo ya zinazotumiwa zaidi kupima taswira za kuona. Na ndivyo zilivyo pia hojaji za taswira za mwendo, ambazo humtaka mtu ajione au ajihisi akisogeza kiungo ambacho kwa kweli kimetulia. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaotaka hojaji hizi ziwekwe kando. Hoja yao si nyepesi, lakini nadhani wametoka upesi mno kwenye “ni neno lake tu” hadi “neno hilo halina uzito”.

Wanachosema ni hiki. Hakuna kipimo cha pamoja: picha ninayoipa alama 4 huenda wewe ungeipa 2, na hatuna namna ya kuziweka picha zetu mbili mezani tukazilinganisha. Zaidi ya hayo, mtu hujibu kwa kufuata anachodhani kinatarajiwa. Mwaka 1983 Margaret Intons-Peterson alionyesha kwamba hata matarajio ya msimamizi wa jaribio yanaweza kuyavuta matokeo ya majaribio ya taswira. Basi, wanasema, tupime kwa kazi ambayo jibu lake ni sahihi au si sahihi. Mfano wao mkuu ni jaribio la Roger Shepard na Jacqueline Metzler la mwaka 1971: mtu huonyeshwa maumbo mawili ya vipande vya mchemraba vilivyounganishwa, aamue kama ni umbo lile lile lililogeuzwa, na muda wa kuamua huongezeka kwa mfululizo kadiri pembe ya mgeuko inavyokuwa kubwa. Saa haina sababu ya kumfurahisha mtu.

Hapa ndipo kisa cha mgonjwa anayejulikana kwa herufi MX kinapostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kila upande hukitaja kama ushahidi wake. Adam Zeman na wenzake walikieleza mwaka 2010: baada ya matibabu ya mishipa ya moyo, mtu huyu alijikuta hawezi tena kuvuta picha yoyote akilini. Hojaji ikampa alama za chini kabisa. Lakini alipopewa kazi ya kugeuza maumbo akilini, alijibu vizuri kama watu wengine. Wapinzani wa hojaji huishia hapo: uwezo upo, ni maelezo yake tu yaliyopotoka. Tuendelee kusoma. Muda wake wa kujibu haukufuata pembe kama ilivyo kwa wengine, dalili kwamba alifikia jibu kwa njia nyingine. Na alipochunguzwa ubongo, kutazama nyuso za watu mashuhuri kuliamsha sehemu zile zile zinazoamshwa kwa wengine, ilhali alipojaribu kuzikumbuka nyuso hizo kwa picha, sehemu za nyuma ya ubongo zilifanya kazi kwa kiwango cha chini na za mbele kwa kiwango cha juu. Ni jaribio lenye majibu sahihi ambalo lingetuambia kwamba MX hana tofauti na mtu mwingine yeyote. Neno lake ndilo lililosema kweli.

Hata vipimo vipya vya mwili, ambavyo navithamini sana, vimejengwa juu ya neno hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wengi mboni zao husinyaa wanapovuta akilini picha ya kitu chenye mwanga mkali, na husinyaa zaidi pale wanaposema picha ni bayana. Kwa wenye afantasia, yaani wasiopata picha za akilini, badiliko hilo halikuonekana. Lakini watafiti walijuaje nani wa kumweka kundi lipi? Waliwauliza.

Kwenye taswira za mwendo, hoja yangu inakuwa ya kitabibu kabisa. Hojaji za awali, kama ile ya Craig Hall na John Pongrac ya mwaka 1983, zilidai mtu ainue goti au aruke, jambo lisilowezekana kwa wagonjwa wengi waliopigwa na kiharusi. Francine Malouin na wenzake wa Kanada wakachapisha mwaka 2007 hojaji inayofanywa mgonjwa akiwa ameketi. Msimamizi huonyesha mwendo, tuseme kukunja kiwiko. Mgonjwa huufanya mara moja. Kisha hutulia na kuufanya akilini tu, halafu husema picha ilikuwa bayana kiasi gani, na kwa swali tofauti, hisia ya mwendo ilikuwa na nguvu kiasi gani. Msimamizi ndiye anayeandika. Mgonjwa anaweza kuuona mkono wake vizuri sana akilini na asiuhisi hata kidogo, na mtaalamu anayetaka kumfanyisha mazoezi ya akilini hana budi kulijua hilo kabla ya kuanza.

Je, saa ingetosha? Jean Decety na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba muda wa kutembea akilini hukaribiana na muda wa kutembea kweli. Lakini walipowabebesha watu mzigo wa kilo 25, safari ya akilini ilirefuka ilhali ya kweli haikubadilika. Saa hupima ulinganifu wa muda, na hilo lina faida yake. Haisemi kama mgonjwa alijitazama kwa mbali kama anayemtazama mtu mwingine, au aliuhisi msuli ukivuta.

Nakubali kwamba kuna mahali hojaji haifiki. Mwanamke mwenye umri wa miaka 23 aliyedhaniwa hana fahamu, ambaye Adrian Owen na wenzake walieleza habari zake mwaka 2006, asingeweza kujaza chochote. Ubongo wake ndio uliojibu alipoombwa ajifikirie akicheza tenisi. Nakubali pia kwamba alama 32 kati ya 80 za hojaji ya Marks, ambayo mara nyingi hutumiwa kama mpaka wa afantasia, ni mpaka waliouweka watafiti, na anayeambiwa ana “tatizo” kwa sababu amepata 31 anaonewa. Lawama hiyo inawahusu wanaozisoma alama. Aliyejibu maswali 16 kwa uaminifu ametimiza sehemu yake, na wa kumfuata kwa saa, kwa mboni au kwa picha za ubongo wanapaswa kuanzia pale alipoishia yeye.